Mwaka Tuliolala na Pikipiki

Watu wakitaka kuhadithia maisha yao huanzia kwa babu wa babu. Mimi sina wakati huo. Nitaanzia kwenye hema la sherehe ya mahari huko Gatuanyaga, mwezi uliopita, ambapo nilimsikia mtu nyuma yangu akidanganya. Vumbi lilikuwa limeingia hata kwenye mchuzi. Nilikuwa na sahani yangu ya wali na nyama ya mbuzi, mume wangu yuko kando anatafuta kipande laini kwa sababu ya meno yake, na nyuma yetu vijana wa bodaboda waliokuwa wameleta wageni walikuwa wamemzunguka mzee mmoja wa kofia ya sufu. Mzee anawaambia, "Nyinyi mnabadilisha plagi kama soksi. Mimi nilishika pikipiki ya daktari wa ng'ombe, imemisi miezi miwili, mafundi wote wa Thika wameshindwa. Nikaangalia mara moja, nikaona moto wa buluu. Mara moja tu!" Sikugeuka haraka. Nilimeza nyama yangu, nikafuta vidole, ndipo nikageuka nikamwambia, "Barasa, huo moto wa buluu ulionyeshwa na nani?" Aliniangalia kama mtu anayesoma kibao kilichofutika maandishi. Kisha akashika kofia. "Haiya! Mama Githeri! Kwani bado uko?" Nikamjibu niko, na nangoja jibu. Vijana walicheka mpaka mmoja akamwaga soda. Mume wangu naye aliendelea kutafuna polepole, akiangalia sahani, na nikajua anasikiliza kila neno.

Kumisi, kwa asiyejua, ni injini kuruka pigo. Inaunguruma vizuri, halafu inakohoa, inanyamaza kidogo, inarudi, inakohoa tena, na pikipiki inaenda kwa kushtukashtuka kama mtoto mwenye kwikwi. Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nina mtoto mmoja, Wanjiku, mgongoni, na nilijifunza kuhusu injini zaidi kuliko nilivyojifunza kitu chochote shuleni, ambako nilifika darasa la nne tu.

Tulikuwa tunaishi Thika, karibu na Eneo la Viwanda, kwenye ploti ya vyumba kumi vya mbao na mabati. Chetu kilikuwa cha tatu. Ukifungua mlango unakutana na meza, nyuma ya meza kitanda, na kati ya kitanda na ukuta, pikipiki. Nilikuwa nikiamka naona kioo chake cha pembeni kabla sijaona uso wa mume wangu. Ililala ndani kwa sababu nje isingefika asubuhi. Sasa tunakaa hapa Mwihoko na binti yetu, nyumba za ghorofa zimebanana, na jioni bado nasikia vijana wakizisukuma zao mpaka ndani ya vyumba. Tairi likigonga kizingiti, najua kuna mwanamke huko ndani anasogeza sufuria. Nawaambia hawa wasichana wafungue madirisha. Wananiambia, "Sawa, shosho," kama wanavyomwita kila bibi, wanaendelea na simu zao.

Ile pikipiki haikuwa yetu. Ilikuwa ya Mzee Kinuthia, mwenye duka la dawa za mifugo mjini Thika, aliyemwandika mume wangu kazi kwa majaribio. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba mbegu za fahali kwenye mtungi wa baridi, kuzipeleka Gatuanyaga, na kupandisha ng'ombe wa watu. Walimwita daktari wa ng'ombe, ingawa hakuwa daktari, na mimi sikuwasahihisha. Wakati huo hakukuwa na simu za mkononi. Mtu akiona ng'ombe wake amechemka, yaani anataka fahali, alimfunga kando ya barabara asubuhi na kungoja pikipiki ipite. Ng'ombe hamngojei mtu. Saa zake zikipita, mpaka wiki tatu tena, na mwenye ng'ombe anakuja dukani kupiga kelele. Kwa hivyo kazi yote ya mume wangu ilikuwa juu ya pikipiki kufika mapema. Kinuthia alimkabidhi funguo mbele yangu akasema, "Nataka kuiona iking'aa. Mtu asiyetunza chombo hawezi kutunza kazi."

Niliyachukua maneno hayo mimi, si mume wangu. Kila asubuhi nilichukua kitambaa, nikachovya kwenye mafuta ya taa kidogo, nikaipangusa tanki na vyuma mpaka grisi yote itoke. Ilikuwa iking'aa kuliko vyombo vyangu. Na mimi nilikuwa na vyombo, kwa sababu nilikuwa nauza githeri kwenye geti la kiwanda kimoja cha nguo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Maharagwe na mahindi makavu hayana haraka. Nilikuwa nabandika sufuria kubwa alasiri ya siku iliyotangulia, ikachemka mpaka jioni, asubuhi nikakaanga na kitunguu. Jiko lilikaa nje kwenye veranda mpaka mwenye ploti alipopaka ukuta rangi ya krimu. Alipita mlango kwa mlango na kijiti mkononi akisema, "Jiko hapa nje sitaki kuliona. Mmeona rangi? Hiyo si ya kuvutishwa moshi." Basi sufuria ikaingia ndani. Ili mvuke usiharibu pikipiki ya mtu, nikanunua karatasi ya nailoni, ile pana ya kufunikia mahindi, nikaifunika yote kuanzia usukani mpaka chini. Nilijiona mwerevu sana.

Wiki hiyo hiyo ikaanza kumisi. Mume wangu aliipiga kiki asubuhi ikawaka, ikakohoa mpaka barabarani, ikaenda kwa kuchechemea. Alikuwa anasimama kwa Barasa, fundi aliyekuwa na kibanda njiani, na kila akifika pale injini inaimba vizuri kabisa. Barasa alisafisha plagi, akafungua kabureta, akapuliza kila tundu. Haoni kitu. Siku ya pili pikipiki ni nzuri tangu nyumbani, siku ya tatu ni mgonjwa tena. Mara ya nne au ya tano Barasa aliinama kwenye tanki akanusa. Alinusa tena. Akamwambia, "Bwana, hii iko na mafuta ya taa. Unachanganya?" Mume wangu akasema hachanganyi. Barasa akasema, "Mimi pua yangu haidanganyi," na siku hiyo hiyo maneno yakafika dukani.

Nilikuwepo siku ya Jumatatu Kinuthia alipokuja ploti mwenyewe. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye mlango mabega yakiwa yamejaa fremu, na majirani wote ghafla wakawa na nguo za kuanika. "Nasikia unauza petroli yangu na kujazia mafuta ya jiko," akasema. Mume wangu akamwambia, "Mzee, sijawahi." Kinuthia hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Ng'ombe watatu wiki iliyopita wamerudishwa nyumbani bila kupandwa. Ijumaa ndiyo mwisho. Ikikohoa tena, lete funguo, na nitamwambia kila mwenye duka katika Thika kwa nini." Akaenda. Mama Nafula, jirani yetu wa chumba cha nne, mwanamke wa kutoka Bungoma aliyefanya kazi kwenye mitambo ya kusokota nyuzi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Pole, mama," na huruma yake ikanichoma kuliko maneno ya Kinuthia.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuandika wala kusema kanisani. Mimi pia nilimshuku. Nilikuwa mke wake, nalala naye, na nilimshuku. Niliweka alama kwa mkaa kwenye chupa yetu ya mafuta ya taa nione kama yanapungua bila mimi. Jioni nikimnawisha mikono kabla ya kula, nilikuwa namimina maji polepole na kuinamisha uso karibu, nanusa. Tulikula ugali na sukuma wiki, mtoto kati yetu. Nilikuwa nanusa sabuni, nanusa ng'ombe, nanusa petroli, kwa sababu mtu wa pikipiki lazima anuke petroli, na nilijiuliza kama ndani ya harufu hiyo kuna nyingine. Alama kwenye chupa ilikuwa inashuka kidogo kidogo kila siku. Ilinichukua siku tatu kukumbuka kwamba anayeishusha ni mimi na kitambaa changu. Ukishamshuku mtu, hata mkono wako mwenyewe huuoni.

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye karo la bomba nafua nepi. Pikipiki ilikuwa imeondoka bila tatizo. Mama Nafula alikuwa ametoka zamu, amekaa kwenye kizingiti anachuna nyuzi za pamba kwenye nywele, anaongea na dadake aliyekuwa ndani. Hakujua niko nyuma ya ukuta. Dadake akauliza, "Leo utakula nini, nikuchemshie viazi?" Nafula akajibu, "Leo viazi. Githeri ni kesho." "Umejuaje ni kesho?" "Si leo ile pikipiki haijakohoa. Mimi sihitaji kalenda. Ikikohoa asubuhi, najua Mama Wanjiku yuko getini na sufuria. Isipokohoa, najitafutia." Wakacheka. Mimi nilibaki nimeshika nepi, maji yananitiririka kwenye viwiko. Jumatatu inakohoa. Jumatano inakohoa. Ijumaa inakohoa. Siku nyingine ni nzima. Huyu mwanamke alikuwa anazungumzia tumbo lake tu, na alikuwa ameona kile ambacho fundi na mimi hatukuona.

Alasiri hiyo nilibandika sufuria kama kawaida, nikafunika pikipiki kama kawaida, na nikanyamaza. Jumatano alfajiri, kabla mume wangu hajagusa kitu, niliinua nailoni. Ndani ilikuwa imeloa, mvuke wa sufuria umefungiwa humo usiku kucha. Matone yamejipanga kama jasho, yanateremka kwenye tanki, yanadondokea kwenye injini. Zile siku zote nilikuwa napangusa juu, kunakoonekana. Huko chini, pale waya mnene unapoingia kwenye kofia ya plagi, sikuwahi kupeleka kitambaa hata siku moja. Nilimpeleka mtoto kwa Nafula, nikarudi, nikafunga mlango kukawa giza, nikamwambia mume wangu aipige kiki. "Humu ndani? Umeshikwa na nini?" "Piga tu." Akapiga. Ikawaka, ikaanza kukohoa, na kila ilipokohoa niliona kitu chembamba cha buluu kinaruka kutoka kwenye ile kofia kwenda kwenye chuma cha injini, tik, tik, kama kidole kinachoashiria. Moto uliotakiwa uende ndani ulikuwa unatorokea nje, kwa sababu ya maji. Nikamwambia azime. Nikachukua kitambaa kikavu, nikakausha kofia na waya, nikapuliza kama napuliza jicho la mtoto. Akapiga tena. Ikaimba.

Mume wangu aliketi kitandani. Hakucheka. Akasema, "Basi imepona. Tusiifunike tena na tunyamaze. Ijumaa Kinuthia atakuta ni nzima." Nikamwambia hapana. Akauliza kwa nini, si hilo ndilo tulitaka. Nikamwambia, "Ikipona kimya kimya, watasema umeacha kuiba." Alikuwa kijana mpole, na bado ni mzee mpole, na mtu mpole hufikiri watu watasahau. Watu hawasahau.

Baada ya kuuza githeri siku hiyo nilienda kwa Barasa nikiwa na mtoto mgongoni na sufuria tupu kichwani. Alikuwa amelala chali chini ya pikipiki ya mtu. Nikamwambia, "Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi uje nyumbani kwangu, na umwambie Mzee Kinuthia aje." Akatoa kichwa. "Mama, mimi natibu pikipiki hapa." "Hapa huwa imeshapona njiani. Inakauka kwa joto la injini kabla haijakufikia. Njoo uione ikiwa mgonjwa kitandani kwake." Akacheka, akaniuliza kama nimefungua gereji. Nikamwambia nimefungua macho, na asipokuja nitakuja na sufuria yangu kupika hapa kibandani kwake mpaka aje. Nilikuwa na maneno makali tangu zamani.

Alhamisi nilibandika maharagwe mengi kuliko siku zote. Nilifunga dirisha. Nikaishusha nailoni mpaka sakafuni. Ijumaa asubuhi wanaume watatu walikuwa wamebanana kwenye chumba changu kati ya meza na kitanda, Kinuthia na koti lake zuri akijaribu asiguse nepi zilizoning'inia juu ya kichwa chake. Mpaka leo sijasikia mtu mwingine aliyeomba Mungu pikipiki iharibike. Mimi niliomba. Hiyo ndiyo siku Kinuthia aliyosema ikikohoa, funguo zinarudi. Mume wangu akapiga kiki, na ikawaka safi. Ikaunguruma. Ikaendelea kuunguruma. Kinuthia akageuza uso kwangu. Nikajiambia, sasa umemaliza nyumba yako kwa mdomo wako. Halafu ikakohoa. Mara moja, mara mbili, kisha mfululizo, na kwenye giza la chumba ule moto wa buluu ukaanza kuruka, tik, tik, tik. Barasa alipiga magoti. "Ala!" akasema. "Inavuja spaki!" Kinuthia, ambaye hakuamini kitu asichokigusa, akapeleka kidole. Sikuwahi, wala sitawahi tena, kumwona mzee wa kanisa akiruka hivyo. Aliita "Ngai!" akagonga kichwa kwenye kamba, nepi tatu zikamwangukia mabegani.

Hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa Nafula upande wa pili wa mbao.

Barasa alifungua mlango, akachomoa ile kofia, akaizungusha kwenye mwanga. Ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ikiwa kavu haina neno, ikilowa moto unapita kwenye ufa. Nikawaonyesha nailoni, nikawaonyesha sufuria, nikawaonyesha na kitambaa changu. "Harufu ya mafuta ya taa ni hii hapa," nikasema. "Ni mimi. Napangusia nacho kila asubuhi, kwa sababu wewe ulisema unataka kuiona iking'aa." Kinuthia akamwambia Barasa, "Na ndani ya tanki?" Barasa akachota petroli kidogo kwa kifuniko, akamwambia mume wangu anyooshe mkono, akamtilia kiganjani. "Petroli itakauka yote. Mafuta ya taa yataacha utelezi." Tukasimama pale, watu wazima wanne, tunaangalia kiganja cha mume wangu. Kikakauka. Barasa akapitisha kidole, Kinuthia naye akapitisha chake, kile kile kilichorushwa na spaki. Kikavu. Kinuthia akakishika kile kiganja, akakiinua, akakinusa, akakiachilia taratibu. "Mkono ni safi," akasema. Nilimgeukia Barasa nikamuuliza kwa nini hakufanya hivyo tangu siku ya kwanza badala ya kunusanusa, na yeye akajifanya anatafuta bisibisi. Lakini swali hilo nilikuwa najiuliza mimi. Hata mimi nilikuwa na pua na nilikuwa na kile kiganja kila jioni.

Barasa alikata ncha ya waya iliyochoka, akafunga kofia mpya, na pikipiki haikumisi tena kwa sababu hiyo. Kinuthia hakuomba msamaha. Watu wa aina yake hawajui mlango wa msamaha uko wapi. Alikula sahani mbili za githeri akiwa amesimama, akasema chumvi imezidi, na siku hiyo hiyo dukani akatangaza kwa sauti mbele ya wakulima kwamba daktari wake ni mtu mwaminifu na pikipiki ilikuwa na ufa. Mume wangu alifanya kazi hiyo miaka mingi. Mwenye ploti aliporuhusu jiko nje tena, nilikuwa nimeshatoboa tundu la kutolea mvuke kwenye dirisha kwa nyundo.

Basi huko Gatuanyaga, kwenye ile sherehe ya mahari, Barasa aliwaambia vijana ukweli wote, pamoja na nepi, na akaniita mwalimu wake. Nilimsamehe nusu. Jioni tukiwa tumerudi Mwihoko, nilileta birika na beseni nimnawishe mume wangu, kwa sababu binti yangu alikuwa ameweka chai na mkate. Maji yakiwa yanamiminika nikaona nisife na jambo hili. Nikamwambia, "Baba Wanjiku, ule mwaka wa kumisi, nilikushuku. Nilikuwa nakunusa mikono." Aliendelea kusugua vidole. "Nilijua," akasema. Nikauliza alijuaje. "Ulikuwa unamimina maji umeinama kama mtu anayetafuta sindano. Unafikiri kwa nini nilikuwa nakupatia mikono yote miwili, nakaa nayo hivyo hivyo mpaka maji yaishe?" Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu miaka yote hii. Akasema, "Ningesema nini? Nilikuwa nangoja umalize kunusa." Akaninyooshea mikono yote miwili, imekunjamana, inadondosha maji. "Haya. Nusa tena."

Nikainama nikanusa. Ilikuwa sabuni na nyama ya mbuzi.